Mwalimu, Shati Lako ni la Pamba?

Swali lilikuja dakika chache kabla ya kengele. Nilikuwa BTP, kidato cha pili, kipindi cha Jiografia, mada ya kilimo. Mkononi nilishika kitumba cha pamba kilichopasuka, nilichokibeba kutoka nyumbani Bariadi, nikieleza kwa mbwembwe safari ya pamba kutoka shambani hadi dukani. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hilo shati lako ni la pamba?"

Nikajibu bila kusita: "Ndiyo, pamba tupu." Ndivyo muuzaji alivyoniambia, na nililinunua kwa hela ya bumu, kwa hiyo nilitaka iwe kweli.

Jioni nikampitia fundi cherehani jirani na shule anibane kifungo, nikamsimulia. Akacheka. Akachomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, akaushika kwa kibano, akawasha kiberiti. Uzi haukusubiri hata moto uuguse: ulijikunja, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi, ukabaki kijidonge kigumu kama plastiki. "Mwalimu, hii tetroni," akasema. Kisha akachoma uzi wa kanga kuukuu ya mke wake. Huo uliwaka vizuri, ukanuka kama karatasi inayoungua, ukaacha majivu laini ya kijivu.

Wenzangu, mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba. Nimepalilia, nimevuna, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pamba. Bado niliwadanganya wanafunzi sitini kuhusu shati lililokuwa mgongoni mwangu.

Hoja yangu ni hii: sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kuongelea vitu tusivyowahi kuvishika. Nikiulizwa mikoa inayolima pamba naitaja bila kupumua: Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita. Nikipewa kipande cha kitambaa, sijui nianzie wapi. Na hii siyo elimu ya maabara kubwa. Inataka vidole, macho, pua na kiberiti.

Fumua uzi taratibu kwa kuuzungusha kinyume na ulivyosokotwa. Ukipata vinyweleo vifupifupi, vya sentimita tatu hivi, huenda ni pamba. Vikiwa virefu, laini, visivyo na mwisho, huenda ni hariri au uzi wa kiwandani. Angalia kitambaa chenyewe: kanga ina nyuzi za mtande na za mshindio zinazopitana moja juu, moja chini, jinzi na kaki zina mistari ya mshazari, fulana imefumwa kwa vitanzi, ndiyo maana inavutika. Kisha choma uzi mmoja tu, juu ya sahani yenye maji. Sufu halisi hunuka nywele zilizoungua. Ukipata majivu na kijidonge kwa pamoja, kitambaa kimechanganywa. Hata moto una mipaka: viskosi nayo huungua kama pamba. Basi lowesha uzi uuvute. Viskosi ikilowa hulegea na kukatika upesi, pamba haidhoofiki hivyo.

Rafiki yangu chumbani ananiambia hiyo ni kazi ya mafundi, na kwamba tetroni haina ubaya: haikunjamani, inakauka haraka, inadumu. Kweli kabisa. Mimi siipigi vita tetroni. Ninachopinga ni kulipa bei ya pamba na kupewa tetroni, halafu kusimama mbele ya darasa lenye bati la moto, jasho halinyonywi, na bado unaapa ni pamba. Tena mwalimu wa Kemia au wa upishi anayewasogeza watoto kwenye moto anapaswa kujua kwamba nguo inayoyeyuka hunata kwenye ngozi. Hilo nalo tumwachie fundi?

Ninachoomba kitivoni ni kidogo: kipindi kimoja cha vitendo kabla ya BTP, na kila mmoja wetu aondoke na kadi aliyobandika vipande kumi vya vitambaa alivyovitambua mwenyewe. Gharama? Masalia yanajaa chini ya cherehani za mafundi wote wa hapa nje ya geti. Ukiomba vizuri unapewa bure.

Kesho yake nilirudi darasani nikawaambia wanafunzi kwamba jana niliwajibu nisichokijua. Tukachoma uzi wa shati langu mbele yao. Yule binti akachomoa uzi kwenye sweta lake, ambalo mama yake aliuziwa kama sufu. Uliyeyuka. Darasa likacheka, yeye hakucheka. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, mama angejuaje?"

Hilo ndilo swali ambalo chuo kilipaswa kuniandaa kulijibu.