Hiyo simu ya bure, sisi wa Buluo tunailipa

Sisi wa Buluo, hapa Likasi, jina letu limetangulia mbali kuliko sisi wenyewe. Ukisema Lubumbashi kwamba unatoka Buluo, mtu anakutazama juu hadi chini na kukuuliza ulifunguliwa lini, maana anachokijua yeye huku kwetu ni gereza. Hilo tumelizoea. Tunaloshindwa kulizoea ni wimbo wa watoto wetu walioko Johannesburg, Dubai na India: "Mama, wekeni intaneti nyumbani, tuongee bure."

Haya, tukaweka. Waya wa kuleta intaneti mlangoni haupo, kwa hiyo "intaneti ya nyumbani" kwetu ni kijisanduku chenye laini ya simu tumboni, kinachovuta mawimbi kutoka mnara uleule ambao simu zetu za mkononi zinaugombania. Unanunua kijisanduku. Unaandikisha laini kwa kadi ya mpiga kura, maana wengi wetu kitambulisho kingine hatuna. Kisha unakwenda kabini, pale chini ya mwavuli, kununua mega za intaneti. Bei yake imepangwa kwa dola, wewe unalipa kwa faranga, na faranga ikishuka asubuhi, mchana mega zimepanda. Hapo hujasema hata "alo".

Juzi mama mmoja alirudi kabini akiwaka. Forfe yake, mega za wiki nzima, ilikuwa imekwisha usiku mmoja, na yeye hakumpigia mtu. Kijana wa kabini akachukua simu, akapekua, akamwambia kwa upole: "Mama, mega zako zilikulwa na ma-video ya grupe." Grupe la kwaya, la ukoo na la wazazi wa shule, yote matatu yanamwaga video usiku kucha, na simu inazipokea zote bila kumwuliza mwenyewe. Kijana akamzimia upakuaji wa picha na video, akazuia programu kujisasisha zenyewe, akamwambia akipiga apige sauti tu, sura za wajukuu zingoje Jumapili. Kazi ya dakika mbili. Kwa nini aliyemwuzia laini hakumwonyesha siku ya kwanza? Sisi tunajua kwa nini.

Halafu kuna jambo ambalo watoto wa Dubai hawalifikirii. Katika simu ya kawaida hapa Kongo anayelipa ni anayepiga. Mzee asiye na unite, yaani salio, hata moja alipokea simu, akacheka, akatoa baraka, bila kutoa faranga. Mwenye shida alibipu mara moja, mwenye uwezo akampigia. Desturi nzima ya ndugu ilisimama juu ya kubipu. Kwa simu ya intaneti kila upande unakula mega zake, na aliyefunga data hapatikani hata umpigie mpaka kesho. Bibi mwenye simu ndogo ya tochi ndiye amefungiwa nje kabisa. Zipo huduma za kutoka kwenye intaneti hadi namba ya kawaida, lakini zinadai kadi ya benki, na Skype, iliyozoeza dunia mambo hayo tangu 2003, yenyewe ilifungwa Mei 2025.

Na hiyo simu ikishika, tunasikia nini? "Mama... una... le... dawa?" Vijana wanaofahamu wanasema sauti hukatwa vipande, mara nyingi hamsini kwa sekunde, kila kimoja kikisafiri peke yake. Kikichelewa, kinatupwa, kwa sababu neno la sekunde iliyopita halina kazi tena. Ajabu ni kwamba sauti haihitaji njia pana. Ipo mitindo ya kuibana hadi kilobiti 8 tu kwa sekunde na mtu akaeleweka. Inachotaka ni njia tulivu. Ndiyo maana simu inaandika 4G kwa mbwembwe na bado hamsikilizani. Saa moja jioni, Likasi nzima ikiwa mtandaoni, vipande vyetu vinapanga foleni mnarani. Ucheleweshaji ukizidi kama milisekunde 150, mnaanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amekosa adabu.

Sasa umeme. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikianza, kijisanduku kinazima pamoja na taa. Ikirefuka, betri za mnara nazo zinachoka, na hata mwenye simu iliyojaa chaji anabaki akitazama kioo. Tungevumilia kama tungekuwa jangwani. Lakini kituo cha umeme cha Mwadingusha kiko jirani, maji ya Lufira yanazungusha mitambo pale tangu 1930! Kituo kilikarabatiwa kwa fedha za wenye mgodi wa Kamoa-Kakula, kikarudi kazini 2021 na megawati 78, na mgodi huo wa upande wa Kolwezi ndio uliolengwa. Megawati zinatupita juu ya vichwa, sisi tunahesabu mega. Shaba nayo tusiitaje sana, tusije tukalia: kiwanda cha Shituru kinaisafisha tangu 1929, waya za simu za mataifa zimetokana na shaba kama hiyo, na hapa Buluo hakuna waya mmoja wa simu wa kuanikia hata nguo.

Serikali nayo ikikumbuka simu zetu, huzikumbuka kwa njia yake. Septemba 2020 ilikuja ada iliyoitwa RAM, ya kusajili simu kila moja: dola 7 kwa mwaka kwa simu ya intaneti, dola 1 kwa ile ndogo, zikikatwa moja kwa moja kwenye unite. Watu walipiga kelele Kinshasa hadi huku, ikafutwa 2022. Kabla ya hapo, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa tarehe 31 Desemba 2018, ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Siku ya kutakiana mwaka mpya! Tangu hapo wenye busara kati yetu hawaweki habari ya msiba kwenye intaneti peke yake. Wanatenga unite za simu ya kawaida.

Sasa tunaambiwa tungoje dishi za Starlink, zilizopata leseni nchini Mei 2025. Setilaiti zake zinaruka kama kilomita 550 juu, si 36,000 kama zile za zamani zilizokufanya ungoje jibu mpaka usahau swali. Vizuri. Lakini dishi nayo inataka umeme, na inataka dola kila mwezi kwa mtu anayenunua sukari kwa kijiko.

Sisi hatukuomba mbingu. Tunataka forfe ambayo mega zake hazifi usiku wa Jumapili zikiwa bado zimebaki, wakati pesa yetu hairudi. Tunataka mnara wenye betri za kufika asubuhi. Tunataka delestaji yenye ratiba, nayo ifuatwe. Na ninyi watoto wa Johannesburg, hadi hapo, pigeni simu ya kawaida. Unite mnazo.