Kupenda Trabant si kupenda waliofunga mpaka

Juzi tulibishana hadi simu zikazima chaji. Mmoja wetu alituonyesha video ya Wajerumani wamekusanyika na vigari vyao vya Trabant, wanavipapasa kama watoto. Wengine tukasema hao wanalilia serikali ya zamani. Baada ya kusoma zaidi, tumebadili mawazo.

Trabant lilitengenezwa Zwickau, Ujerumani Mashariki, kuanzia 1957 hadi 1991, zaidi ya magari milioni 3. Chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi ilikuwa mabaki ya pamba yaliyoshindiliwa na gundi ngumu ya kiwandani. Injini silinda mbili tu, petroli inachanganywa na oili kama pikipiki za zamani, moshi wake we acha! Pampu ya petroli haina. Tangi liko juu, chini ya boneti, mafuta yanashuka yenyewe. Kujua yamebaki mangapi unachovya kijiti. Na kwa gari hilo watu walipanga foleni miaka zaidi ya 10. Sisi wa kuangalia majina kwenye orodha ubaoni hatuhitaji kuelezwa.

Halafu ikafika 1989. Septemba 11 Hungaria ilifungua mpaka wake na Austria, maelfu wakavuka, wengi ndani ya Trabant hizo hizo. Wengine waliruka uzio wa ubalozi wa Ujerumani Magharibi mjini Prague, magari wakayaacha barabarani. Mwaka uliofuata msanii David Černý alichonga Trabant lenye miguu minne, kama linatembea.

Kwa hiyo anayelipenda gari hili anapenda nini? Sisi tunaona anamkumbuka baba amelala chini yake na spana, safari ya kwanza ya familia, pengine usiku wa kutoroka. Hawakumbuki polisi. Ni kweli wapo wanaoipamba zamani hadi wanawasahau waliopigwa risasi ukutani. Hao hatuwatetei.

Ila jamani, tuliowacheka Wajerumani ni sisi sisi tuliokasirika mgeni mmoja alipotukuta tunacheza ngoma za kwetu, akauliza: kama mnapapenda hivyo, mlikimbia nini?