MAONI YETU: LORI HALIKUCHEMSHWA NA DEREVA PEKE YAKE



Lori letu limelala gereji. Lilichemsha kwenye mlima wa Kitonga likirudi kutoka Dar es Salaam na shehena ya mbolea, na sasa viazi vyetu vinachipua ghalani. Tangu siku ile maneno ni mengi kilabuni na kisimani: eti dereva akatwe mshahara, eti utingo afukuzwe. Jumamosi mkutano utaamua. Kabla hatujanyoosha mikono, jamani, tutazame tulichofanya sisi wenyewe.

Mwaka jana Bodi ilileta makisio. Palikuwa na fungu la kulanti, dawa ya rejeta. Mwenzetu mmoja akasimama: "Tununue maji ya rangi na mito imejaa?" Tukacheka, tukapiga makofi, fungu likafutwa. Sisi tunaoandika hapa nasi tulicheka. Dereva akaambiwa ajaze maji atakayoyakuta njiani. Akajaza.

Fundi alipofungua injini alikuta mambo matatu.

La kwanza, rejeta imeziba kwa kutu na ukoko. Maji mengi ya visima yana chumvi na chokaa. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ukoko huo ukigandamana ndani ya injini, joto halitoki.

La pili, laina za silinda zimeliwa vitundu vitundu upande wa maji. Injini ya dizeli hupiga kwa nguvu, laina hutetemeka, na vipovu huzuka na kupasuka juu ya chuma, maelfu kwa maelfu, mpaka kitoboke. Maji yakaingia kwenye oili, oili ikawa kama chai ya maziwa. Kulanti ya dizeli kubwa ina dawa ya kukinga chuma kisiliwe hivyo. Maji ya mto hayana.

La tatu, themostati haipo. Iling'olewa zamani "ili injini ipoe", nasi tukamsifu fundi yule. Kumbe bila themostati injini huchelewa kupata moto, hasa asubuhi za baridi kama zetu, ikala dizeli zaidi na kusagika upesi.

Dereva naye ana lake. Sindano ya joto ilipopanda angesimama mapema. Hilo aambiwe waziwazi. Lakini vile vitundu havikutobolewa siku moja pale Kitonga. Vilianza siku tuliyopiga makofi.

Basi tunashauri hivi:

1. Fungu la kulanti lirudishwe, na lisifutwe tena. Inunuliwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, ya dizeli nzito. Tusichague kwa rangi: kijani, nyekundu au buluu ni rangi tu, kila kiwanda hutia yake. Wala tusichanganye aina mbili. Dawa zake huweza kuharibiana.

2. Ile nzito isimiminwe tupu, maana peke yake hubeba joto kidogo kuliko maji. Ichanganywe nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri. Si asidi! Mchanganyiko huo huchemka kama nyuzi 107 usawa wa bahari. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu, maji matupu sufuriani huchemka yapata nyuzi 93. Tena Juni na Julai, umande unapoganda majanini, maji matupu yakiganda hutanuka na kupasua injini.

3. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, dereva na utingo wapime kimo cha kulanti, watazame mipira, mkanda wa feni na mfuniko wa rejeta. Mfuniko ukilegea, maji huchemka mapema. Ukiwa moto usifunguliwe kabisa. Mvuke wake huunguza uso.

4. Rejeta ikivuja, izibwe na fundi. Yai na manjano ni vya jikoni.

5. Siku ya kubadilisha iandikwe daftarini na mwanachama mmoja aweke sahihi pamoja na dereva.

6. Kulanti ni sumu, na utamu wake hudanganya watoto na mbwa. Isimwagwe uani. Dumu lake lisitiwe maji ya kunywa wala pombe, hata likioshwa mara kumi.

Gharama ya matengenezo tuibebe sote, kila mtu kwa hisa zake. Itauma, tena mwaka wenyewe ni huu wa mbolea ghali. Lakini tukimkata dereva mshahara, tutakuwa tumempata wa kumlaumu, na lori litarudi barabarani na maji yale yale.

Mkono uliofuta fungu ndio urudishe. Tuonane Jumamosi.

MALI YA USHIRIKA NI MALI YETU, TUITUNZE!