Kizigua kimerudi kutoka Somalia, sisi huku tunakiacha

Jumamosi moja nilipanda basi dogo kutoka Korogwe kwenda Handeni. Pembeni yangu alikaa mama wa makamo na simu yake mkononi, sauti ikiwa juu kabisa, mnawajua abiria wetu. Kwenye video wanawake waliojifunga khanga walikuwa wamemzunguka bibi harusi, wanapiga makofi na kuimba. Dirishani nyuma yao kulikuwa na theluji.

Nilichungulia, nakiri. Lakini kilichonishtua si theluji. Walikuwa wanaimba Kizigua.

"Shikamoo mama, hao wako wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ni ndugu zangu, wako Marekani." Akaendelea kwa Kizigua, maneno mengi kwa haraka, halafu akanyamaza anasubiri. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimeelewa nusu tu. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema ni hapa hapa Handeni, tangu babu wa babu yangu.

Alicheka mpaka konda akageuka. "Mimi niliyezaliwa Somalia nakijua. Wewe wa hapa hukijui?"

Mama huyo anaishi Chogo, hapa hapa wilayani Handeni. Kwa wasioijua habari hii, katika miaka ya 1830 ukame na njaa viliwapiga Wazigua, wengi wakashuka pwani kutafuta chakula. Huko baadhi yao walidanganywa, wakapakiwa majahazini na kuuzwa utumwani Somalia. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya bonde la mto Juba, sehemu iitwayo Gosha, wakalima na kuzaa huko. Wazee wao husimulia kwamba aliyewaongoza kutoroka ni mwanamke, Wanakhucha. Kwa zaidi ya miaka 150 waliendelea kuongea Kizigua nyumbani, bila shule, bila redio, na wenyeji wengine wakiwadharau.

Vita vya mwaka 1991 viliwafukuza tena. Wengi walikimbilia kambi za Kenya, na kuanzia mwaka 2003 Marekani ikawachukua zaidi ya watu elfu kumi wa jamii hiyo ya Wabantu wa Somalia. Wengine walipanda vyombo vya baharini kuja Tanzania. Waliwekwa kwanza Mkuyu, Handeni, kisha wakapewa ardhi Chogo, na wengi wamepata uraia. Walipofika walielewana na wazee wa Handeni kwa Kizigua. Fikiria hilo: umeondoka kijijini vizazi vingi vilivyopita, unarudi na wenyeji wanakuelewa.

Nao waliofika Marekani wanakumbushana kwenye harusi kama ile, kwa ngoma na nyimbo, watoto wakiwa pembeni wanatazama.

Mtasema ukurasa wa afya umegeuka wa historia. Subirini kidogo.

Miaka mitatu iliyopita nililala hospitali nikimuuguza bibi yangu, mama yake mama. Bibi anajua Kiswahili vizuri tu, lakini homa ilipopanda usiku ule Kiswahili kilimtoka, kikabaki Kizigua. Daktari akauliza maumivu yakoje, yanachoma, yanakaza au yanavuta? Bibi akawa anarudia neno moja. Sikulijua. Kwa kuona aibu, mimi mwandishi wa afya mwenye shahada, nikakisia. Nikasema, "Yanachoma." Daktari akaandika.

Asubuhi mama mdogo alifika, akamsikiliza bibi, akanigeukia. "Hasemi yanachoma. Anasema yanahama." Yalianzia kitovuni, yakashuka chini upande wa kulia. Daktari aliposikia hivyo alibadilika uso. Maumivu yanayohama namna hiyo ni dalili inayojulikana ya kidole tumbo, na kwa mzee kidole tumbo hakisubiri. Bibi alipasuliwa siku hiyo hiyo, akapona. Mimi kukisia kwangu kulimchelewesha usiku mzima. Neno lenyewe siliandiki hapa kwa sababu mpaka leo sina hakika linaandikwaje.

Huko Marekani ndugu zetu wamekutana na tatizo linalofanana. Mgonjwa akisema ametoka Somalia analetewa mkalimani wa Kisomali, kumbe wengi katika jamii hiyo lugha yao ya nyumbani ni Kimaay au Kizigua.

Sasa kwa wazazi wenye watoto wadogo. Dada yangu ana mtoto wa miaka miwili na nusu, na majirani walimwambia asimsemeshe Kizigua, atachelewa kuongea, atachanganyikiwa. Nimesikia hata baadhi ya wahudumu wa afya wakisema hivyo. Si kweli. Tafiti nyingi za watoto wanaolelewa kwa lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili humchelewesha mtoto kuongea. Akichanganya maneno ya Kiswahili na ya Kizigua, au Kisambaa, katika sentensi moja, hajapotea, anatumia alichonacho. Ukimhesabia maneno, hesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja.

Cha kuangalia ni kingine. Mtoto ambaye mwaka umetimia wala habwabwaji, au miezi 16 hana hata neno moja, au miaka miwili haunganishi maneno mawili yake mwenyewe katika lugha yoyote, mpeleke kliniki. Omba apimwe masikio kwanza. Wapo watoto wanaohesabiwa wavivu wa kuongea kumbe hawasikii vizuri, na huko kuchelewa kunagharimu kweli. Usitulie kwa kuwa mjomba wake naye alichelewa.

Na tusidanganyane, video pekee hazimfundishi mtoto mdogo kuongea. Anahitaji mtu anayemjibu. Dada yangu hakijui Kizigua kuliko mimi, kwa hiyo kila jioni anampigia bibi simu na kumpa mtoto aongee. Mara nyingi ni kelele tu na vocha inaisha. Juzi lakini mtoto alidai maji kwa Kizigua, na mama yake akampa uji kwa kutomwelewa. Kilio chake mtaa mzima ulikisikia.

Yule mama wa kwenye basi alishukia Handeni mjini kutafuta usafiri wa kwake. Alinipa namba yake na kunikaribisha Chogo, kwa sharti kwamba Kiswahili nikiache Korogwe. Nilimpigia bibi kumsimulia. Akauliza ni siku gani tunakwenda.