Subaru, Vumbi na Kipoza Oili: Wadau Tusidanganyane

Leo tuache kidogo habari za mitihani tuongelee magari. Manake kila msimu wa korosho ukiisha huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, lazima usikie fulani kavuta Subaru Impreza ya turbo. Hongera zake! Tatizo linaanza pale washikaji wanapomshauri afunge kipoza oili kikubwa mbele ya rejeta, eti kama gari la Safari Rally.

Mimi napinga, na sababu ninazo.

Kwanza, Impreza nyingi za turbo zimetoka kiwandani na kipoza kidogo kinachotumia maji ya rejeta. Kimekaa kati ya injini na filta ya oili. Asubuhi kinasaidia oili ipate moto haraka, na ikizidi moto maji yanaipoza. Hakina hosi ndefu za kupigwa mawe.

Pili, kipoza cha upepo kinataka upepo. Barabara ya vumbi ya Mtua unatembea 40 kwa saa, huo upepo utoke wapi? Vumbi nalo linaziba mapezi yake. Na jiwe moja tu likikata hosi, oili yote chini. Injini bila oili haichukui muda kunoki, na hapo hela ya korosho ya mwaka mzima ndo imekwenda hivyo.

Tatu, oili kupoa mno nako ni balaa. Inatakiwa ifike nyuzi kama 90 hadi 110. Ikibaki chini ya 80, unyevu na petroli vilivyoingia humo havitoki vizuri, mwisho tope. Kwa hiyo anayelazimika kufunga cha upepo achague chenye thamostati inayofungua kwenye nyuzi 80 na kitu, hosi zilizosukwa kwa waya, na wavu wa kuzuia mawe.

Jamani, Colin McRae aliposhinda Safari na Impreza mwaka 1997, nyuma yake kulikuwa na mafundi kibao na spea za kumwaga. Wewe nyuma yako una nani? Fundi mmoja chini ya mwembe!

Sisemi kipoza cha upepo hakina kazi. Anayekimbiza gari kwenye mashindano, raundi juu ya raundi, anakihitaji kweli. Ila wewe wa Mtua, hela hiyo nunua kwanza geji ya joto la oili. Iangalie mwezi mzima. Kama haipiti 110, huumwi, sasa dawa ya nini? Badilisha oili kwa wakati, weka ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kila wiki chomoa kijiti upime.

Nawasilisha. Wabishi waje na namba za geji, siyo maneno ya kijiweni. Tuko pamoja!