Leza Karakanani: Madai Yasiyosimama

Dai linalosikika kwanza, na kwa sauti ya juu kuliko yote, ni kwamba kazi ya leza si useremala. Mara nyingi anayelitoa amesimama kando ya msumeno wa mkanda, na nyuma yake kuna randa ya umeme. Hizo nazo zilikuwa mashine ngeni siku moja, na hakuna mteja anayenunua meza ya mninga pale Keko, Dar es Salaam, akauliza kama mbao ilipigwa randa kwa mkono. Anatazama viungo, uso na umbo. Leza yenyewe si jambo la jana. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza huko California mwaka 1960, na mwaka 1964 Kumar Patel, akiwa Bell Labs, akaunda ile inayotumia gesi ya kaboni dayoksaidi. Mashine nyingi za leza za kukatia mbao leo zimetokana na hiyo ya Patel. Mwale wake una urefu wa wimbi wa mikromita 10.6, jicho haliuoni, lakini mbao huunyonya vizuri sana. Panapopita mwale, mbao huungua na kugeuka mvuke katika mstari mwembamba usiofika hata nusu milimita.

Mashine hiyo haijui chochote kuhusu mbao. Haijui kwamba ubao huu bado ni mbichi, na kwamba nguvu nyingi ya mwale itaishia kuchemsha maji yaliyomo. Haijui kuwa ndani ya plaiwudi, chini ya uso ulio safi, kuna kiraka au donge la gundi ambalo mwale hautapenya, hivyo kipande kitabaki kimeshikilia na ukikivuta kitapasuka. Haijui kifundo kilipo, wala upande nyuzi zinakoelekea. Anayejua hayo ni seremala. Mpe mashine hiyohiyo mtu anayejua kompyuta tu, na muda mfupi baadaye utaona rundo la mbao zilizoharibika.

Upande wa pili wako wanaodai kuwa leza inakata kila kitu. Hili nalo ni la kukataa, kwa sababu linawafanya watu wakope fedha kununua kitu kisichowafaa. Mashine yenye tyubu ya wati 100 hukata vizuri plaiwudi ya milimita 6, na milimita 10 pia, ikiwa lenzi na vioo ni visafi. Boriti ya kitanda ya mkongo yenye unene wa milimita 50 haiiwezi. Lenzi hukusanya mwale mahali pamoja, na chini ya hapo mwale huanza kutanuka tena. Kadiri mbao inavyozidi unene ndivyo ukuta wa mkato unavyoinama na kuungua. Fremu za milango, miguu ya meza na viungo vya ulimi na tundu vitaendelea kuwa kazi ya msumeno na patasi. Anayetengeneza vitanda na makabati peke yake simshauri anunue mashine hii.

Inaposhinda ni kwenye vitu vyembamba: herufi, vielelezo vya kufuatishia umbo moja mara nyingi, na matundu ya mapambo yenye kona kali za ndani. Kona hizo mashine ya kuchonga kwa ncha inayozunguka haiwezi kuzitoa, maana ncha ni ya duara na huacha kona ya duara. Inashinda zaidi kwenye kupachika mbao ndani ya mbao. Tuseme unapachika ua la mwembe, mbao isiyokolea rangi, ndani ya ubao mwembamba wa mninga. Mwale unakula takriban milimita 0.2. Ukikata ua na tundu lake kwa mchoro mmoja, ua litacheza, kwa kuwa mwale umekula pande zote mbili. Kwa hiyo mchoro wa ua unapanuliwa kwa kiasi hichohicho pande zote. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Mkato huwa mpana kidogo juu kuliko chini, kwa hiyo tundu limefunguka juu, na ua limetoka likiwa na kitako kipana. Likipachikwa hivyo hivyo, litagoma chini na kuacha nafasi juu. Fundi anayejua huugeuza mchoro wa ua kama unavyoonekana kwenye kioo, akalikata kutoka upande wa nyuma, kisha akalipindua. Sasa sehemu pana iko juu, na ua linazama kama kabari mpaka linakaza. Ukipitisha msasa, kidole hakisikii mpaka. Huo nauita ufundi bila kusita.

Hofu inayonigusa zaidi ni ile ya wachongaji wa nakshi wa Zanzibar na Lamu, wanaoambiwa kwamba milango yao sasa itatolewa na mashine. Utazame mlango wenyewe kwa karibu. Kizingiti cha juu kimechongwa kwa kina, maua yamejitokeza mbele, na pembeni patasi imeingia chini ya jani ili kivuli kikae hapo. Mwale wa leza hushuka wima kutoka juu. Hauwezi kuingia chini ya jani. Unaweza kufukua milimita chache, tena polepole na kwa kuunguza, na kinachobaki ni picha bapa ya nakshi. Mtu aliyezoea milango ya Mji Mkongwe ataitambua akiwa ng'ambo ya barabara. Kinachowaumiza wachongaji ni muuzaji anayebandika mapambo ya plaiwudi iliyokatwa kwa leza juu ya mlango wa kawaida, kisha akauita mlango wa nakshi. Huo ni udanganyifu, na unapaswa kuitwa hivyo.

Kwa mchongaji mwenyewe leza ina faida moja ambayo naona imedharauliwa: kuhamisha mchoro. Kurudia mnyororo au maua kwenye miimo miwili mirefu, kwa karatasi na penseli, kunakula muda mwingi. Leza inaweza kuchora mstari mwembamba juu ya mbao, patasi ikaufuata na kuuondoa kabisa. Kina, kivuli na uhai wa jani vinabaki mikononi mwa mchongaji.

Kuna wanaosema weusi wa kingo ni rangi tu, paka gundi uendelee. Hapana. Ule weusi ni mkaa, na gundi ikishika mkaa haijashika mbao. Kiungo kitaachia mzigo ukikaa. Pitisha msasa mpaka mbao safi ionekane, na uliweke hilo kwenye vipimo tangu mwanzo.

Dai la hatari kuliko yote ni kwamba moshi wa leza ni moshi wa kuni tu, na sisi tumekulia jikoni. Bodi ya MDF imeshikanishwa kwa gundi zenye fomaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mbao lenyewe lilikwishawekwa katika kundi hilo mwaka 1995. Bodi za plastiki ya PVC, ambazo siku hizi zinawekwa kwenye makabati ya jikoni, zisiingie kwenye leza kabisa: zikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma mapafu na kuozesha vyuma vya mashine. Feni ya kutoa moshi nje ni ya lazima, pamoja na pampu ya hewa inayopuliza penye mkato na kupunguza miali ya moto. Wala usiiache mashine ikikata ukaenda kunywa chai. Moto huanzia kwenye kipande kidogo kilichodondoka.

Na macho. Mfuniko wa akriliki angavu huzuia mwale wa mashine ya gesi, kwa hiyo watu huamini kila mfuniko angavu unatosha. Zile mashine ndogo za bei nafuu hutumia mwanga wa buluu wa takriban nanomita 450, ambao hupita kwenye akriliki hiyo kama jua dirishani. Zinahitaji miwani yenye rangi iliyoandikwa urefu huo wa wimbi.

Limebaki dai la wateja: mashine ndiyo imefanya, kwa hiyo bei ishuke. Wenye leza mijini, wengi wao watengeneza mabango, huwakatia maseremala kwa malipo, na muda wa mashine ndio sehemu ndogo ya gharama. Fundi anapoandika bei, aonyeshe kila kitu peke yake: kuchora, kujaribu kwenye kipande cha mbao ileile, kukata, kusafisha kingo, kupachika, msasa na vanishi. Mteja akiona kukata ni mstari mmoja kati ya saba, mazungumzo ya bei hubadilika.