Mji wa Kale Una Wenyewe: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka Mji wa Kale, vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, ambako baada ya alasiri husikia ndara za mpita njia kabla hujamwona mwenyewe. Matatu za Digo Road haziko mbali, lakini kelele zake hazitufikii. Utulivu huu umejengwa: kuta nene za mawe ya matumbawe, njia zisizopitisha lori, nyumba zinazotiliana kivuli, na baraza za mlangoni ambapo wazee hujua nani kaingia mtaani na nani anaumwa.

Likisimama ghorofa refu katikati ya nyumba hizi, upepo wa bahari hukatika, na madirisha yake huchungulia ua ambamo kina mama walikuwa wakikaa bila buibui. Katika mchoro wa jengo jambo hilo halionekani. Kwetu ndilo kubwa kuliko yote.

Hata hivyo, wengi wanaobomoa nyumba hizi si walafi. Wameshindwa kutengeneza. Nyumba zetu zilijengwa kwa chokaa, na dari kwa boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa kupitia chokaa. Ukipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungika ndani, chumvi hula jiwe, plasta hubambuka, na boriti huoza pale zilipoingia ukutani. Fundi wa saruji yuko kila kona, wa chokaa hutafutwa. Tena nyumba nyingi ni za urithi: warithi ni wengi, wengine wako Ghuba, na hakuna anayetaka kutia pesa peke yake. Anapotokea mnunuzi na fedha taslimu, familia husalimu amri.

Fort Jesus iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na ni fahari yetu sote. Lakini ngome haina wakaazi. Mtaa ulio kando yake una watoto wa madrasa, wauza mahamri, wajane. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 ipo, na Katiba ya 2010 imeipa kaunti jukumu la mipango ya ujenzi. Kwa hiyo mlango wa kubisha ni wako.

Tunaomba kibali cha jengo jipya kisitolewe kabla tangazo halijabandikwa kwenye kiwanja na majirani hawajasikizwa. Urefu usizidi wa nyumba zilizopo. Anayetengeneza kwa chokaa apunguziwe ada za kaunti, na vijana walipwe posho wajifunze kwa mafundi wa chokaa waliobaki, wangali hai.

Kikao cha kwanza kiitishwe huku huku mtaani, baada ya Isha, wenye maduka wakishafunga na kina mama wakiwa na nafasi ya kuhudhuria.

Wako kwa heshima,
Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa